Shamba la mapumziko karibu na Londiani: nilichouziwa na nilichopata

Tangazo lilinijia kwenye simu likiwa na picha tatu. Ya kwanza, mnyama mwenye pembe ndefu zenye matawi, kasimama kwenye ukungu. Ya pili, mzungu aliyeingia mtoni hadi magotini, fimbo ya kuvulia mkononi. Ya tatu, magogo yamepangwa kando ya barabara ya udongo. Chini yake wameandika: "Miliki shamba lako la starehe. Winda, vua, vuna mbao. Mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka Nakuru mjini."

Niseme mapema kwamba nilinunua, shamba ninalo, na nalipenda. Lakini kati ya zile picha tatu ni moja tu iliyokuwa inauzwa kweli. Anayetaka ardhi ya aina hii alipie hiyo moja. Zile nyingine mbili amwachie muuzaji.

Tuanze na mnyama. Yule hayupo Kenya. Tunao kulungu, swara na paa wa kila namna, lakini pembe za wanyama wetu hazina matawi. Picha ilichotwa kwenye tangazo la Marekani, ambako watu hununua kipande cha msitu ili wawinde, kwa leseni na kwa misimu iliyowekwa na jimbo lao. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Paa akikatiza shambani mwako si wako, hata kama hati miliki ina jina lako. Kumuua kwa ajili ya kitoweo ni kosa, kuna faini na kuna jela.

Nilimuuliza kijana wa mauzo kwa simu, "Hapo kwa kuwinda mnamaanisha nini?" Akajibu bila kusita, "Sungura tu, bosi, na kanga. Huko ndani hakuna mtu wa kukusumbua." Ningeyachukulia kama maneno ya biashara tu, isipokuwa maneno hayo yalikuwa na bei. Vipande vilivyopakana na msitu vilikuwa ghali kuliko vya katikati kwa shilingi laki moja kila ekari, na sababu waliyotoa ni "wanyama wako karibu". Mtu analipishwa laki moja zaidi kwa nafasi ya kushikwa na askari wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Tena mkulima yeyote wa upande ule atakwambia kuwa kupakana na msitu ni hasara: tumbiri wanamaliza mahindi, na viazi vinafukuliwa usiku na nguruwe mwitu. Nilichukua kipande cha katikati. Mbega nawaona vizuri kwa darubini, bure.

Kuna jambo jingine kuhusu kupakana na msitu ambalo hawakulitaja kabisa. Mwaka 2001 serikali ilimega sehemu kubwa za msitu wa Mau ikagawa mashamba, na baadaye familia nyingi zikafurushwa kutoka sehemu mbalimbali za Mau, wengine wakiwa na hati mkononi. Kwa hiyo ukioneshwa hati ya shamba lililo jirani na msitu, usiridhike kwamba karatasi ni halali. Mwambie mpimaji wako, si wa kampuni inayouza, aweke ramani ya shamba juu ya ramani ya mpaka wa msitu akuoneshe mstari unapita wapi. Wangu alinitoza pesa nzuri kwa kazi hiyo na sikuzionea uchungu.

Sasa miti, ambayo ndiyo iliyonitoa Nakuru. Shamba ni ekari tatu kwenye mteremko, juu kuna saiprasi zilizopandwa kwa mistari, chini kuna mikaratusi iliyokwisha kukatwa mara moja ikachipuka tena. Siku ya kuoneshwa tulikuwa wanunuzi kadhaa kwenye matatu moja ya kampuni, soda na mandazi juu yao. Wenzangu walikuwa wakipiga picha. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye saiprasi, na nikaona jambo: kila shina nene lilikuwa na doa jekundu la rangi kwenye usawa wa kifua, na chini ya doa nambari iliyoandikwa kwa mkono. 41, 42, 43. Mashina membamba hayakuwa na kitu.

"Hizo ni alama za sorovea," kijana wa mauzo akasema. Sorovea, yaani mpimaji, huweka bikoni za mpaka ardhini, kwenye kona. Hahesabu miti, tena achague minene tu.

Jibu nililipata kwa mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe ng'ambo ya ua. Nilimsalimia "Chamgei, mzee," akacheka nilivyoitamka, akaitikia. Nikamuuliza kuhusu rangi. "Hiyo ni ya mtu wa mbao wa Molo," akasema. "Alihesabu kabla ya mvua. Amelipa nusu, anangoja barabara ikauke."

Yaani shamba lilikuwa linauzwa kwa bei ya shamba lenye mbao, huku mbao zenyewe zimeshauzwa zikiwa zimesimama. Hapo ndipo pa kukaza macho unaponunua ardhi yenye miti. Ukifanya sachi kwenye ofisi ya ardhi utajua mwenye shamba ni nani, kama kuna mkopo wa benki au zuio. Haitakwambia kwamba kuna mtu ana karatasi ya daftari inayosema saiprasi themanini ni zake. Hiyo utaijua kwa kutembea, kutazama mashina, na kuongea na jirani bila watu wa kampuni kusimama karibu.

Kampuni, na hili nalisema kwa haki yao, haikubishana sana baada ya wakili wangu kuandika barua. Walimrudishia mtu wa mbao pesa zake, wakaleta karatasi aliyoitia sahihi, na mkataba ukaandikwa upya kwamba ardhi inauzwa pamoja na miti yote iliyosimama, ikatajwa kwa aina na kwa hesabu. Ilichukua muda, simu nyingi, na mara mbili nilitishiwa kuwa kuna mnunuzi mwingine anangoja. Hakuwepo. Kwenye mkataba wao wa kawaida, ule wanaowapa watu wote, neno "miti" halimo hata mara moja, ilhali kwenye tangazo linaonekana kila mstari.

Bei nayo ilihitaji maelezo. Walikuwa wakitaja thamani ya mbao kama ilivyokuwa wakati wa marufuku ya kukata miti. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, viwanda vya kupasua mbao vya Elburgon na Molo vikakosa magogo, na miti ya watu binafsi ikapanda bei. Julai 2023 Rais alitangaza kule Molo kwenyewe kwamba marufuku yameondolewa. Mtu anayekuuzia leo kwa hesabu za kipindi kile anakuuzia njaa ya wakati uliopita. Nilipiga simu kwa wapasuaji wawili, nikauliza saiprasi ya unene ule wananunuaje ikiwa imesimama, nikarudi mezani na bei yao. Ikashuka.

Saiprasi yenyewe inataka subira ya miaka 25 hadi 30 ndipo itoe mbao ya maana, na katikati lazima uipogoe na kuipunguza, la sivyo unavuna mbao za mafundo tupu. Mikaratusi ndiyo inayolipa karo za watoto. Ukishaikata, kisiki kinatoa machipukizi mengi, unaacha mawili au matatu yaliyosimama vizuri, mengine unaondoa. Fito hupatikana katika miaka michache, na viwanda vya chai vya upande wa Kericho vinachoma kuni kwenye boila, kwa hiyo mnunuzi hakosekani. Wale waliopanda kwa ndoto ya nguzo za umeme wamepunguza mbwembwe tangu nguzo za zege zianze kuonekana barabarani. Na usidhani kwamba kwa kuwa mti ni wako unaamka tu na msumeno. Unamwita afisa wa misitu aje akague, unapata kibali cha kusafirisha, unalipa ushuru wa kaunti, na lori lisipokuwa na karatasi hizo linalala kwenye kizuizi. Kijana wa mauzo alisema, "Ukikata tu, pesa." Sikumlaumu, sidhani aliwahi kukata mti.

Uzuri wa Londiani ni kwamba msaada uko mlangoni. Kuna chuo cha misitu hapo, na watu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo chao. Miche niliyopanda mahali palipokuwa wazi nimeitoa huko, na ushauri sikulipia.

Uvuvi. Mjomba wangu wa Nyakach amekulia akivua ningu mto Sondu msimu wa mvua, samaki wanapopanda kwenda kutaga. Nilimpeleka aone mto wa kwangu. Akasimama ukingoni, akautazama juu, akautazama chini, akasema, "Okewa, mpwa wangu, hapa utavua vyura." Ni kijito, msimu wa kiangazi unakivuka bila kuvua viatu. Vijana wa pale hutoa visamaki vya urefu wa kidole kwa ndoano, ni mchezo mzuri wa Jumamosi na mtoto, wala siudharau. Ila si ile picha ya mzungu. Yule alikuwa akivua trauti, samaki wa maji baridi yaendayo kasi, ambao Waingereza waliwaleta Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita wakawaweka kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya. Kwenye kijito changu hakuna aliyewahi kuniambia amemwona hata mmoja.

Kampuni inatoa pia huduma ya kuchimbiwa bwawa la ngege (tilapia), kwa malipo ya ziada, "uvue samaki wako mwenyewe baada ya miezi sita". Ngege hukua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Londiani iko juu, zaidi ya mita 2,000, na asubuhi za Julai pumzi yako unaiona. Ngege watakaa humo wakiishi tu, hawakui. Jirani wa kipande cha pili alichimbiwa bwawa hilo, na sasa ng'ombe wanalinywea maji.

Mto una gharama nyingine ambayo haipo kwenye tangazo. Ukingo wa mto ni eneo la hifadhi, kati ya mita 6 na 30 kila upande kulingana na upana wa mto. Hujengi humo, hulimi humo, na mikaratusi hairuhusiwi kwa sababu ya inavyokunywa maji. Mimi nimepakana na kijito kwa takriban mita mia moja. Hata kwa kipimo cha chini cha mita sita, hizo ni mita za mraba 600 nilizolipia bei kamili. Kwa kipimo cha mita 30 ni karibu robo tatu ya ekari. Kibanda walichochora kwenye brosha, chenye baraza juu ya maji, kisingeweza kujengwa pale. Nimepanda mianzi kwenye ukingo na kibanda changu kiko juu, karibu na saiprasi, ambako kuna upepo lakini hakuna mafuriko wala afisa.

Uhamisho wa hati ulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Hati ilikuwa bado kwa jina la mzee aliyeiuzia kampuni shamba hilo, kwa hiyo tulifika sote mbele ya bodi ya ardhi. Mwenyekiti hakujishughulisha na kampuni hata kidogo. Alimgeukia mke wa mzee: "Mama, unajua shamba linauzwa?" Mama akasema anajua. "Pesa umeziona?" Mama akanyamaza kidogo, akasema ameona za kwanza. Bodi ikaahirisha hadi mwezi uliofuata, alipokuja akasema ameona zote. Kuna waliokasirika siku ile, watu wa kampuni wakiwa wa kwanza. Mimi nilitulia, kwa sababu shamba lililouzwa bila mke kujua hurudi mahakamani. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani. Kampuni ilikuwa imeniandikia 4, ambayo ni ya mjini. Soma karatasi zako.

Kwa jumla ningewapa nyota tatu kati ya tano. Ardhi ni nzuri, hati ni safi, na walirekebisha walipobanwa. Mbili nimezitoa kwa ajili ya rangi nyekundu na yule mnyama mwenye pembe.

Kumebaki barabara. Waliahidi kumwaga murramu kutoka lami hadi kwenye vipande, kilomita mbili na kitu, na mpaka sasa mvua ikinyesha probox inaachwa kwa duka la mwanzo, tunatembea. Wakili wangu alizuia shilingi elfu hamsini za mwisho hadi kazi hiyo ifanyike. Kila mwisho wa mwezi wananipigia kuuliza nitazitoa lini. Nami huwauliza greda inakuja lini.