Umehamishiwa Njombe? Vifaa vya joto vya kununua, na kipi kianze

Barua ya uhamisho ilinikuta Mbagala mwezi Mei. Juni tulikuwa tumeshapanga nyumba Njombe mjini, na mzigo wetu ulikuwa na feni mbili na mashuka ya pamba. Usiku wa kwanza tulilala wanne kitanda kimoja, mimi, mume wangu na watoto wawili, soksi miguuni. Kesho yake nikakimbilia dukani kununua hita ya wati 2,000, kifaa ambacho kilipaswa kuwa cha nne kwenye orodha yangu. Naandika ili wewe unayekuja nyuma yangu usianze nilipoanzia, maana fedha ya uhamisho haivumilii makosa mawili.

Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi kali ni Juni na Julai, ila Mei na Agosti nazo si za kuchezea. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na ukipanda Makete na Kitulo utakuta umande umeganda asubuhi kama chumvi iliyomwagwa kwenye majani. Hali hiyo inafanana na Mafinga na baadhi ya maeneo ya Mbeya, kwa hiyo hesabu hizi zitawafaa na wa huko.

Tuanze na LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa sababu ndiyo itakayoamua mengi. Nyumba nyingi za mjini ziko kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambako uniti moja ni Sh 292 kabla ya kodi na tozo, na ukijumlisha unalipa kama Sh 356. Kundi la D1 ni la wanaotumia si zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, na kwao uniti ni Sh 100, yaani kama Sh 122 ukishaweka kodi. Ukiwa D1 ukavuka 75, kila uniti ya ziada unailipa zaidi ya mara tatu. Hita moja inatosha kukuvusha ndani ya wiki mbili. Kuna na kodi ya jengo, Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inayokatwa humo humo kwenye LUKU. Mpangaji, kubaliana mapema na mwenye nyumba ni nani anayeibeba.

Kupata matumizi ya kifaa chochote, chukua wati zake, zidisha kwa saa utakazokiwasha, gawa kwa 1,000. Jibu ni uniti. Hita yangu ya wati 2,000 kwa saa tatu kila usiku ni uniti 6, kwa mwezi 180, na kwa T1 ni Sh 64,000 na ushee. Hapo hujawasha hata taa.

La kwanza: dari, mianya na sakafu

Bibi mwenye nyumba wetu aliponiona nimebeba boksi la hita aliniita. Tukaamkiana, akaniambia, "Mwanangu, huku hatupashi nyumba joto. Tunampasha mtu." Sikumwelewa mpaka LUKU ilipoisha siku ya tisa.

Hewa ya moto hupanda juu. Kama chumba hakina dari, joto lote unalolinunua linaishia kwenye bati, na bati linalimwaga nje. Vyumba vingi vya bei nafuu huku havina dari, kwa hiyo unapotafuta nyumba, inua macho kabla hujauliza kodi. Nyumba yenye dari na madirisha ya vioo vinavyofunga sawasawa, hata ikizidi kodi kwa elfu kumi au ishirini kwa mwezi, inaweza kukutoka nafuu kuliko isiyo navyo. Sisi tulikubaliana na bibi tuweke dari ya jipsamu vyumba viwili vya kulala na gharama ikatwe kwenye kodi kidogo kidogo. Tuliandikiana karatasi, tukasaini mbele ya balozi wa nyumba kumi.

Kisha mianya. Ule uwazi chini ya mlango, unaoukaribisha kwa furaha ukiwa Dar, huku ndiyo njia ya upepo. Shona mfuko mrefu wa kitambaa, ujaze vipande vya nguo, uuegemeze mlangoni kila jioni. Kwenye saruji tandika mkeka, juu yake zulia. Mapazia yawe mazito, yafike chini. Haya yote niliyapata kwenye mitumba ya sokoni kwa fedha ndogo, na hakuna kifaa cha umeme kilichowahi kunipa tofauti kama hiyo.

La pili: kitandani

Blanketi zito la manyoya, moja juu na jingine chini ya shuka. Hilo la chini wageni wengi hawalijui. Godoro lenyewe huwa baridi na linakunyonya joto la mgongo usiku kucha.

Halafu chupa ya mpira ya maji ya moto, ile ambayo huwekwa miguuni. Kuchemsha lita mbili za kuijaza hakufiki robo ya uniti, tuseme Sh 70 kwa usiku mmoja kwa bei ya T1. Usimimine maji yanayotokota. Yaache yatulie kidogo, toa hewa kabla ya kufunga, na uivishe kitambaa, hasa kwa mtoto. Mpira ukianza kuchanika kwenye mikunjo, itupe.

Blanketi la umeme naliweka hapa hapa. La wati 100 likiwaka saa nane ni uniti 0.8, kama Sh 285 kwa usiku, na kwa kweli halihitaji kuwaka saa nane. Liwashe nusu saa kabla ya kulala, kisha lishushe au lizime. Nunua jipya lenye swichi ya kurekebisha joto na linalojizima lenyewe. La mtumba silishauri kabisa, kwa sababu waya za ndani zilizokunjwa miaka mingi huvunjika na kuunguza kitambaa, nawe huzioni. Mtoto mdogo na mzee asiyeweza kulizima mwenyewe wapewe chupa badala yake.

La tatu: maji ya kuoga

Hapa ndipo fedha inapovujia kimyakimya, na ndipo nilipochelewa kupaona. Ndoo ya lita 15, kutoka maji ya bomba ya asubuhi mpaka ya vuguvugu la kuoga, inakula karibu nusu uniti. Watu wanne, ndoo moja moja kila siku, ni uniti 60 kwa mwezi, zaidi ya Sh 21,000. Bafu la kupasha maji papo hapo la wati 5,000, mtu akikaa dakika nane, ni uniti 0.67. Kwa watu wale wale wanne ni uniti 80, Sh 28,000 na zaidi. Wakae dakika kumi na tano na zinakaribia mara mbili.

Nilivyopanga mwenyewe: birika la umeme ndilo nafuu la kuanzia. Unachemsha lita chache, unachanganya na ya baridi. Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo inafanya kazi ile ile kwa gharama ile ile, lakini chomoa kwanza plagi ndipo uguse maji, na isiwe karibu na watoto. Gesi watu hudhani ni nafuu zaidi. Ndoo moja kwenye jiko la kawaida inakula kama gramu 65. Gawa bei ya mtungi wako kwa kilo zake. Kama mtungi wa kilo 15 umeupata kwa Sh 60,000, kilo ni Sh 4,000 na ndoo ni Sh 260, wakati kwa umeme wa T1 haifiki 180. Sababu ni kwamba nusu ya moto wa jiko unapita pembeni ya sufuria, na birika halipotezi hivyo.

Mwenye nyumba yake aangalie hita ya maji ya jua. Ni ghali kuinunua, ila inaondoa karibu gharama hii nzima.

La nne: hita ya chumba

Sasa ndiyo hita. Chagua ile ya mafuta yenye mapezi, inayojizima joto likifika na kuwaka likishuka. Haina waya mwekundu ulio wazi, na ikizimwa bado inatoa joto kwa muda. Wati 1,000 kwa saa mbili, kwenye chumba kimoja chenye dari ambamo familia nzima imekaa, ni uniti 60 kwa mwezi, kama Sh 21,000. Hiyo ni bei inayobebeka kwa miezi mitatu.

Ichomeke ukutani moja kwa moja. Hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9, na ekstensheni nyembamba za sokoni huyeyuka. Ukikuta hita ya mtumba, soma kibandiko nyuma. Iwe ya volti 220 mpaka 240, ya 110 itaungua siku hiyo hiyo.

Kama mnatumia LUKU moja wapangaji wote, usiwashe hita kabla hamjazungumza. Nimeona majirani waliokuwa wakipeana chumvi wakiacha kusalimiana kwa ajili ya uniti. Weka mita ndogo kwenye chumba chako na ulipie unachotumia.

La tano: jiko la kuni lenye bomba

Kwa mwenye nyumba yake ningelipandisha mpaka la tatu. Njombe ina miwati, milingoti na mipaina kila upande, na kuni za miwati huwaka muda mrefu. Mafundi wa kuchomelea wanatengeneza majiko ya chuma yaliyofungwa, yenye mlango na bomba la kutoa moshi juu ya paa. Usikubali bomba liguse mbao za dari. Moto wa wazi ukutani unapendeza macho, lakini sehemu kubwa ya joto lake linapanda na moshi. Kuni nunua Agosti au Septemba, zipasue, zikauke kabla ya mvua, uzitumie mwaka unaofuata. Kuni mbichi unalipia maji, tena moshi wake unaziba bomba.

La sita: hita ya gesi

Ile ya magurudumu yenye mtungi ndani, ikiwashwa paneli moja, inakula kama gramu 100 kwa saa, yaani Sh 400 kwa bei niliyotaja. Inapasha haraka, na umeme ukikatika inakuokoa. Lakini inakula hewa ya chumba na kutoa mvuke mwingi, ukuta unalowa na ukungu mweusi unaota. Lazima dirisha libaki wazi kidogo, na isilale ikiwaka chumba cha kulala.

Mkaa: usinunue kwa kazi hii

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi bado unaitoa. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi ambao mtu haamki. Kila msimu wa baridi tunasikia habari hizi. Ukiona jirani mgeni anaingiza jiko chumbani jioni, mwambie usiku huo huo. Usisubiri kesho.

Kuna kifaa kimoja kisichopasha chumba ambacho nakiweka sawa na hivi vyote: sufuria ya presha. Kwa urefu huu maji yanachemka kwenye kama nyuzi 93, na maharage niliyoyaivisha kwa saa mbili Mbagala hapa yalinichukua mchana mzima na robo ya mtungi. Nilipoinunua, mtungi uliokuwa ukinifikisha wiki tatu ukafika tano. Na jikoni, wakati maharage yanaiva, watoto hujisomea pale pale pembeni, maana ndicho chumba chenye joto kuliko vyote.