Leaflet na mistari ya dashi: uzoefu wangu na mipaka mirefu

Kwa anayetengeneza ramani za mtandaoni, Leaflet haihitaji utambulisho. Ni maktaba ya bure (msimbo ulio tayari kutumika) ya JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, iliyoanzishwa na Volodymyr Agafonkin mwaka 2011, na wepesi wake hata kwenye simu za bei ya kawaida umeshasifiwa vya kutosha. Mimi nataka kuzungumzia kitu ambacho sijaona watu wakikitaja: inavyochora mistari ya dashi pale umbo linapokuwa kubwa kuliko skrini.

Nachora ramani za utalii za kaskazini mwa Tanzania, na humo huwezi kuuacha mpaka wetu na Kenya. Kwa desturi mpaka wa nchi huchorwa kwa dashi. Ukiutazama, huu ni mpaka mwepesi kabisa: unatoka Ziwa Victoria, unateremka karibu moja kwa moja kuelekea kusini-mashariki, unajipinda kuuzunguka Kilimanjaro, kisha unanyooka hadi Bahari ya Hindi. Ukiuchora kwa mukhtasari, pointi zake ni chache. Utasema hapo kompyuta haina kazi.

Sasa ikuze ramani hadi kiwango cha 18 cha ukuzaji, yaani karibu sana na ardhi. Kwa huku kwetu karibu na ikweta, pikseli moja hapo ni kama sentimita 60 za ardhini, kwa hiyo mpaka wenye zaidi ya kilomita 700 unakuwa mstari wa pikseli zaidi ya milioni moja. Dashi zangu zina pikseli 8 na nafasi kati yake pikseli 6. Piga hesabu: dashi zaidi ya 80,000, na zinazoonekana kwenye skrini ya kompyuta ni mia na kidogo tu.

Ndiyo maana dashi zina balaa ambalo mstari mzima hauna. Mstari mzima ni ncha mbili, basi. Dashi lazima zihesabiwe kuanzia mwanzo wa mstari, na kila moja ni kijistari chenye ncha zake. Kupunguza pointi kwa mbinu ya Douglas na Peucker, inayoondoa pointi zisizobadilisha sana umbo na ambayo Leaflet inaitumia pia, hakusaidii kitu hapa, kwa sababu kinacholeta mzigo ni urefu.

Dawa ya Leaflet ni kukata kwanza. Kabla mstari haujakabidhiwa kivinjari, kila kipande chake hupimwa dhidi ya mstatili wa eneo linaloonekana, ulioongezwa pembeni kidogo (asilimia 10 usipobadilisha mipangilio). Mbinu yenyewe ni ya Cohen na Sutherland, ya mwaka 1967: kila ncha hupewa alama kulingana na ilipo, iwe kushoto, kulia, juu au chini ya mstatili. Ncha zote mbili zikiwa nje upande uleule, kipande kinatupwa bila hesabu nyingine yoyote. Nusu karne imepita na bado sijaona sababu ya kuiacha.

Maumbo ya maeneo, ambayo mstari wake huzunguka na kurudi ulipoanzia, kama Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hukatwa kwa mbinu ya Sutherland na Hodgman. Hii huacha kingo za uongo pale umbo lilipokatwa, na kama ukingo wako ni wa dashi ungeziona zikipita pembeni mwa ramani. Waandishi wa Leaflet waliliona hilo: kabla ya kukata wanaupanua mstatili kwa unene wa mstari. Ni mistari michache tu ya msimbo, lakini ukiisoma unajua iliandikwa na mtu aliyewahi kuchora ramani kwelikweli.

Ukitaka kuona faida ya haya yote, weka noClip (mpangilio unaozima ukataji) iwe true kwenye mpaka mrefu, ukuze ramani, kisha ivute huku na huku kwenye simu. Simu yangu ilianza kukokota, nikairudisha haraka.

Bei yake ipo. Dashi huanza kuhesabiwa pale mstari ulipokatwa, si Ziwa Victoria. Ukiivuta ramani na kuiachia, mstari unakatwa mahali pengine na dashi zinaruka kidogo. Wateja wangu hawajawahi kulalamika. Mimi naliona kila mara na linaniwasha. Tiba yake kihesabu si ngumu: unachukua urefu uliokatwa kutoka mwanzo, unaugawa kwa 14 (dashi 8 na nafasi 6), na salio ndilo linaloingia kwenye stroke-dashoffset, mpangilio unaosogeza mwanzo wa dashi katika SVG, muundo wa michoro ya kivinjari. Ila kazi hiyo ni yako, na urefu unabadilika kila unapokuza au kupunguza.

Kwa sasa natumia njia ya mkato. Mpaka wa nchi na hifadhi kubwa naziacha zikatwe. Njia fupi za miguu naziwekea noClip, kwa kuwa njia ya kilomita 10 kwenye kiwango cha 18 ina dashi kama 1,200 hivi, na simu inazimudu bila shida. Dashi za njia hizo zinatulia, na hizo ndizo mgeni anazifuata kwa kidole. Kama ramani yako inahitaji dashi zinazotembea kuonyesha mwelekeo wa safari, kata mistari mirefu wewe mwenyewe kwenye data kabla ya kuipakia.

Nyota nne kati ya tano.