Uzoefu wangu na kisanduku kilichoifufua simu ya kuzungusha

Kisanduku chenyewe ni cha plastiki nyeupe. Kina antena fupi, nafasi ya kutia kadi ya simu na, nyuma, tundu la kuchomeka simu ya waya. Ukimweleza muuzaji wa Luthuli Avenue, Nairobi, kwamba unataka boksi la laini la kutumia na simu ya mezani, atakuelewa. Mimi nilitajiwa shilingi 6,000, tukapatana 4,800. Simu niliyokinunulia ni nyeusi, ya kuzungusha, nzito kama tofali. Hiyo nilikuwa nimeipata wiki moja kabla kwa muuzaji wa vitu vikuukuu upande wa River Road, kwa 2,500. Nimevitumia pamoja kwa miezi minne sasa.

Sababu ya kuvitaka ni ya mwaka 1986.

Mzee wangu alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini. Jumamosi walifanya kazi nusu siku, nami nilikuwa darasa la saba, kwa hiyo tuliandamana kutoka mtaa wetu wa Jericho asubuhi nikamngoja kwenye benchi hadi saa saba. Mezani palikuwa na simu iliyotiwa kufuli dogo kwenye tundu la diski ili asiyeruhusiwa asiweze kuizungusha. Tarishi wa pale ndiye aliyenionyesha kwamba kufuli lilifunga diski tu, simu ilikuwa wazi. "Usiguse diski," akaniambia. "Gonga hapa juu." Akavibonyeza na kuviachia vile vitufe viwili ambavyo mkono wa simu hulalia, upesi upesi, mara nne. Akapumzika. Mara saba. Akapumzika. Akaendelea hivyo hadi tarakimu ya sita, na upande wa pili simu ikaanza kulia.

Kwa wasioikuta simu hiyo: diski inaporudi mahali pake baada ya kuivuta, hukata umeme wa laini na kuuunganisha tena. Mara moja ni 1, mara tano ni 5, mara kumi ni 0, kwa kasi ya mikatiko kumi kwa sekunde. Mitambo ya kule mwisho wa waya huhesabu mikatiko hiyo na kukufungulia njia. Haijui kama imetoka kwenye diski au kwenye kidole cha mtoto. Nilifanya mazoezi kwenye ukingo wa meza ya kulia kwa wiki mbili nzima, mama akiniuliza ni ngoma gani hiyo isiyoisha. Jumamosi ya tatu nikapiga nyumbani kwa mwalimu mmoja, jirani yetu, ambaye peke yake katika safu yetu ya nyumba ndiye aliyekuwa na simu. Mkewe akapokea, akasema "Haloo?" mara mbili. Sikuweza kutoa neno. Nilirudisha mkono wa simu mahali pake huku mikono ikinitetemeka, na furaha ile sijaipata tena kwa kifaa chochote nilichonunua tangu hapo.

Mzee alinikuta siku nyingine nikigonga. Akasema, "Nionyeshe." Nikamwonyesha hadi mwisho. Akasikiliza, akakata, akaniambia, "Hii ni pesa ya watu." Sikurudia. Lakini mwezi uliofuata alikuja nyumbani na simu mbili mbovu zilizokuwa zikitupwa, akaziweka mbele yangu bila maelezo. Kwa zile simu, betri mbili kubwa za tochi na waya wa shaba niliouchomoa kwenye transfoma iliyoungua, mimi na rafiki yangu wa nyumba ya tatu tuliongea usiku kucha kupitia madirishani. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya debe. Tulisikilizana.

Nimeyaeleza haya kwa sababu kisanduku hiki kinastahili kupimwa kwa kile mtu anachokitafuta ndani yake.

Siku ya kwanza nilitia kadi, nikachomeka simu, nikainua mkono wake. Mlio wa kupigia ukasikika, mnene, ule wa zamani kabisa. Nikazungusha. Kimya. Mlio haukukatika hata kwa tarakimu ya kwanza. Nikarudi Luthuli, na kijana aliyeniuzia akanieleza vizuri, kwa heshima: "Mzee, hii haisomi mikatiko. Inasikia milio ya vitufe peke yake." Alikuwa na haki, na kosa langu lilikuwa kutouliza. Ukienda kununua, hilo liwe swali lako la kwanza, maana visanduku vya aina hii havilingani. Cha pili uulize kuhusu mtandao: hiki changu kinatumia 2G tu.

Milio ya vitufe ndiyo ile ambayo kampuni ya Bell huko Marekani ilianza kuwapa wateja wake mwaka 1963. Kila kitufe hutoa sauti mbili kwa pamoja, moja nzito na moja nyembamba. Ya 5, kwa mfano, ni Hz 770 na Hz 1336, yaani mitetemo 770 na 1336 kwa sekunde. Zilichaguliwa mbilimbili hivyo ili sauti ya mtu anayeongea isije ikadhaniwa ni namba. Milio hiyo husafiri katika waya uleule unaobeba mazungumzo. Nikiwa nimesimama pale dukani, wazo likanijia. Nilipofika nyumbani nikainua mkono wa simu nyeusi, nikaiweka simu yangu ya kiganjani mdomoni pake, nikabonyeza namba ya dada yangu aliye Kisumu kwenye vitufe vya kioo ili milio iingie kupitia kipaza sauti. Mara ya kwanza namba moja haikushika. Nikakigonga kipaza sauti kwenye kiganja mara tatu, kwa kuwa ndani yake mna chembe za kaboni ambazo hugandamana zikikaa miaka mingi bila kutumika, nikarudia. Dada akapokea.

Hapo ndipo nilipokumbuka habari nilizokuja kuzisoma nikiwa chuoni, za vijana wa Marekani waliofanya jambo kama lile miaka mingi kabla yangu. Laini zao za masafa marefu zilipokuwa hazina mtu zilibeba mlio wa Hz 2600, na ukiupeleka mlio huo kwenye laini, mitambo ilidhani umekata simu, ikabaki ikingoja amri mpya. Joe Engressia, aliyezaliwa kipofu, aligundua akiwa na miaka saba kwamba anaweza kuutoa kwa kupiga mluzi wa mdomo. John Draper akapata jina la Captain Crunch kwa sababu filimbi ya plastiki iliyokuwa zawadi ndani ya pakiti za nafaka za jina hilo ilitoa mlio uleule. Mwaka 1971 Steve Wozniak na Steve Jobs, kabla hata ya Apple kuwapo, walitengeneza visanduku vya buluu vya kutoa milio hiyo na kuviuza. Udhaifu ulikuwa mmoja: amri za mitambo na maongezi ya watu vilipita njia moja, kwa hiyo mwenye kuweza kuimba lugha ya mtambo aliweza kuuamuru. Baadaye amri zikahamishiwa njia yake peke yake, na mlango ule ukafungwa. Sisemi walifanya vyema kupiga simu bila kulipa. Mzee wangu alishanifunza kuhusu pesa ya watu. Ila nawaelewa mpaka ndani ya mifupa, kwa kuwa najua kilichowatangulia ni sikio na hamu ya kujua, hesabu ya gharama ikaja nyuma.

Na kisanduku hiki cha shilingi 4,800 kimeirudisha njia ile moja sebuleni kwangu, Buruburu. Kinasikia chochote kinachoingia mdomoni mwa simu.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Alikuwa ametazama yote haya akiwa kwenye kochi. Akauliza, "Baba, kwa hiyo namba ni wimbo?" Jumamosi hiyo tukarudi Luthuli wawili. Tulinunua aisi, yaani chipu, ya kuzalisha milio ya vitufe, kioo chake cha 3.58 MHz (kijiwe kinachoipa mapigo), kibodi ndogo ya plastiki, spika ya ukubwa wa sarafu na risasi ya kulehemu. Zote pamoja hazikufika 900. Kioo hicho nilimweleza kwa kirefu, maana kina hadithi yake: ni bei rahisi kwa sababu televisheni za rangi za Marekani zilitumia masafa hayohayo, na watoto wa huko waliwahi kukitoa kwenye vipigia milio vya mfukoni wakatia cha 6.5536 MHz, ili mlio wa kitufe cha nyota upande juu hadi ufanane na ule ambao simu zao za vibandani zilitoa sarafu ilipoingia. Akachukua karatasi akazigawanya namba hizo mwenyewe, akazidisha kwa jibu hilo 941 na 1209, sauti mbili za kitufe cha nyota, akapata kama Hz 1723 na 2213. Milio ya sarafu ilikuwa 1700 na 2200. Alinyamaza kitambo akiitazama karatasi.

Kulehemu alikuwa hajawahi. Viungo vyake vitatu vya kwanza vilikuwa vya baridi, vya kijivu, nikamwambia apashe moto mguu wa kifaa kwanza kisha ndipo aguse risasi. Cha nne kiling'aa. Kile kipigia milio sasa kimelala kando ya simu, ndani ya kopo la majani chai, na anakitumia yeye kuliko mimi.

Tatizo jingine la kisanduku ni kengele. Simu ya zamani inataka volti za kutosha, sabini na zaidi, ili nyundo yake icheze vizuri kati ya vikombe viwili vya kengele. Nilipopima, hiki kilitoa kama 40. Wiki ya kwanza kengele ilikuwa ikikwaruza tu mtu anapopiga. Kama yako itafanya hivyo, fungua kifuniko, utaona springi nyembamba inayoivuta nyundo upande mmoja. Ilegeze kidogo. Kisha legeza skrubu za vikombe uvizungushe: tundu la katikati huwa halikai katikati hasa, kwa hiyo ukikizungusha kikombe kinasogelea nyundo. Baada ya hapo yangu ililia hadi jirani wa juu akashuka kuuliza ni nini. Ana miaka zaidi ya sitini. Alikaa, akaomba aizungushe diski kidogo, hata bila kupiga popote.

Mengineyo ni mazuri. Sauti ni safi, kupita nilivyotazamia. Betri ya ndani imehimili umeme ulipopotea, safari moja kwa saa sita. Muda wa maongezi unalipia kama kawaida kwenye kadi. Anayetaka simu ya mezani ya dukani tu, achukue ile iliyo na vitufe na antena yake mwenyewe, itamgharimu kidogo na haitamtoa jasho. Anayetaka simu ya kuzungusha izungushe na ipige, hiki peke yake hakitoshi, na ndiyo maana sikipi nyota tano. Nakipa nne.

Binti yangu sasa anaandika programu ya kuhesabu mikatiko ya diski na kuigeuza kuwa milio, ili tuache kutumia kopo. Tarakimu 1 hadi 8 zinasomwa. 9 na 0 zinamchanganya, na nadhani ni diski yenyewe inayochoka mwishoni kwa sababu grisi ya gavana, kile kidhibiti cha kasi ya diski, imekauka. Jumapili hii tunaifungua tuisafishe kwa spiriti.