Duka la pembejeo jirani na Soko Kuu la Mtwara: uchunguzi wa nyanya zinazonyauka

Duka hili linajulikana zaidi kwa salfa ya mikorosho, na wengi wetu tunaolima mbogamboga pembezoni mwa mji, kuanzia Mikindani hadi Naliendele, tumezoea kulipita bila kuingia. Tathmini hii inahusu huduma yake moja inayotolewa bila malipo, yaani uchunguzi wa nyanya zinazonyauka, ambayo sijaikuta kwa muuzaji mwingine wa viuatilifu hapa mjini.

Mteja akifika na mche ulionyauka ghafla, majani yakiwa bado ya kijani, haulizwi kwanza ana shilingi ngapi. Bwana shamba wa dukani hukata kipande cha shina karibu na ardhi na kukining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Ikiwa ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache nyuzi nyeupe za utelezi huanza kushuka kutoka kwenye mkato, nazo ni bakteria wa jamii ya Ralstonia wakitoka katika mirija ya maji ya mmea. Mnyauko wa ukungu hautoi nyuzi hizo. Kipimo hicho kidogo humwokolea mkulima fedha nyingi, maana salfa inayozuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haimdhuru bakteria huyu hata kidogo.

Kilichonivutia zaidi ni maelezo yanayofuata. Mizizi ya nyanya hutoa kwenye udongo asidi za amino na kemikali nyingine, na bakteria ana vipokezi vinavyozitambua, hivyo huogelea kuelekea zinakozidi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, walionyesha kwamba bakteria walioondolewa uwezo huo walikuwa dhaifu sana walipomwagwa kwenye udongo, lakini walipoingizwa moja kwa moja kwenye shina waliuangamiza mmea sawa na wenzao. Wakiufikia mzizi, huingia kupitia majeraha au mahali mizizi ya pembeni inapochomoza. Hapo protini iliyo kwenye utando wao wa nje huhisi ukuta wa seli ya mmea, na taarifa hiyo huamsha jeni zinazojenga kifaa mithili ya sindano, ambacho hutumika kupenyeza protini nyingine ndani ya seli na kudhoofisha kinga yake.

Hata wakiwa ndani hawakurupuki. Kila mmoja hutoa kemikali maalumu, na kiwango chake kinapopanda ndipo wanapohisi kwamba wenzao wametosha. Wakiwa wachache huogelea na kutafuta chakula. Wakiwa wengi hubadili mwenendo na kutengeneza utelezi mzito unaoziba mirija, na mmea hukosa maji hata kama tuta limelowa. Kwa joto la pwani yetu, mche uliosimama vizuri asubuhi unaweza kulala mchana. Dawa ya kunyunyizia majani haiwafikii huko waliko.

Nilikwenda nikiwa tayari kununua dawa yenye shaba, nikashauriwa kuiacha. Badala yake nilielekezwa kung'oa mche pamoja na udongo wake, kuacha kupitisha jembe karibu na mizizi, kudhibiti minyoofundo, yaani minyoo wadogo wa udongoni, kwa kuwa hutoboa mizizi na kuwafungulia bakteria njia, kutoruhusu maji ya tuta lenye ugonjwa kutiririkia tuta jingine, na kupanda mahindi badala ya bilinganya, pilipili au nyanya chungu, ambazo zote ni za ukoo mmoja na nyanya. Muuzaji anayemweleza mteja kwa nini asinunue anastahili kuaminiwa.

Hata hivyo, duka lina kasoro ambayo siwezi kuinyamazia. Kwenye rafu, dawa ileile ya shaba imebandikwa karatasi yenye maneno "dawa ya mnyauko", na bwana shamba asipokuwepo, msaidizi huiuza kwa maelezo hayo. Shaba husaidia kupunguza bakteria wa madoa ya majani, jambo ambalo lingeweza kuandikwa hapo kwa ukweli. Vilevile miche ya nyanya huuzwa katika trei zilizokwisha kutumika, zenye udongo usiojulikana chanzo chake, nami nisingemshauri mtu ainunue. Ningependa duka liuze miche iliyobebeshwa juu ya bilinganya kinzani, yaani kilele cha nyanya kilichounganishwa na shina la bilinganya linalostahimili mnyauko, mbinu ambayo Kituo cha Mboga Duniani, chenye tawi Arusha, kimeieneza kwa muda mrefu. Wakulima wa mikorosho huku kusini wanajua kubebesha, kwa hiyo mafundi wapo.

Anayetaka huduma hii aende asubuhi, kwa kuwa mchana bwana shamba hutembelea mashamba. Achukue mche ulionyauka karibuni, si uliokauka, na aubebe ndani ya ndoo yenye mfuniko ili udongo wake usidondoke kwenye mashamba ya wengine.