TAHADHARI: Jamaa wa "almasi za Mwadui" yuko Malindi, msitume pesa

Assalam aleikum na habari zenu wanaMalindi na watu wa Watamu, tafadhali someni hii mpaka mwisho na mumfikishie yeyote mwenye harusi karibuni, manake hao ndio anaowawinda.

Kuna jamaa anazunguka na mawe anasema ni almasi. Mara yuko Shella, mara Casuarina huko kwenye mahoteli, mara ashaingia magrupu ya Whatsapp ya nguo za harusi na hina. Maneno yake ni ati kuna Mtaliano anafunga nyumba arudi kwao anauza vito vya mkewe chapchap, au mawe yametoka Mwadui, mgodi wa almasi huko Tanzania, kwa binamu yake mchimbaji. Karati tano kwa laki moja na nusu, tuma deposit elfu thelathini kwa mpesa uwekewe kwa sababu kuna mwengine anakuja kuchukua jioni. Ukishatuma laini inazimwa. Na kuna wale anaowapa jiwe kabisa, hao ndio wananiuma zaidi, manake wanarudi nyumbani wakijua wamenunua mali.

Ami yangu ni sonara na mie huwa nae dukani, kwa hivyo haya mawe tumeyaona kwa macho yetu. Mama mmoja alileta pete aliyomnunulia mwanawe ampe bi harusi, alitaka ipunguzwe tu kidoleni. Ami akaweka ile lenzi yake jichoni, akalilaza jiwe kidogo upande akalitazama kutoka juu, kisha akampa mama atazame mwenyewe. Kila ukingo wa nyuma ya jiwe ulionekana mistari miwili miwili, kama umechorwa mara mbili. Almasi haifanyi hivyo, mwanga ukiingia ndani yake haugawanyiki mara mbili. Lile lilikuwa moisanaiti. Yule mama alikaa kimya mpaka ami akamvutia kiti.

Sasa moisanaiti ni nini, ni silikoni kabaidi, Mfaransa Henri Moissan aliikuta 1893 kwenye vipande vya kimondo huko Arizona, Marekani, lakini hizi za kwenye pete zinatengenezwa viwandani. Si jiwe baya jamani, ukiipenda inunue kwa jina lake na kwa bei yake, inametameta rangi nyingi hata kuliko almasi na ni ngumu sana. Ubaya ni kuuziwa kwa jina la almasi.

Huyu jamaa ana vitu vitatu anavyowaonyesha watu mpaka wanaamini, na vyote havithibitishi kitu.

Kwanza anakwaruza kioo. Wallahi hata jiwe la kwarzi la kuokota linakwaruza kioo! Kwarzi ugumu wake ni 7 na kioo ni kama 5 na nusu, zirkonia (jiwe jengine la kiwandani linalofanana na almasi) ni 8 na kitu, moisanaiti ni 9 na robo, almasi ndio 10. Zote zitaacha alama.

Pili ana testa ya kama kalamu, akiigusisha inalia piii na taa inawaka watu wanashangilia. Hizo testa za bei nafuu zinapima jiwe linavyopitisha joto, na moisanaiti inapitisha joto vizuri karibu sawa na almasi, ndio maana inalia. Kuna testa nyengine zinazopima umeme pia, hizo ndizo zinazotenganisha, yeye hana na hataki uende kwa mwenye nayo.

Tatu ana karatasi ya cheti yenye herufi za GIA. GIA ni taasisi ya kweli ya Marekani, ipo tangu 1931, na vyeti vyake unaweza kuviangalia kwa namba kwenye tovuti yao bure. Namba ya cheti alichopewa yule mama ilikuwepo kweli, lakini ilikuwa ya jiwe la karati moja na kidogo, na lake ni kubwa mno kwa uzito huo, karibu milimita 11! Kwa hivyo usiishie kuona namba ipo, linganisha uzito na vipimo, na mwambie sonara atafute kwenye ukingo wa kiunoni mwa jiwe, mara nyingi namba huchongwa hapo kwa leza, herufi ndogo sana huzioni bila lenzi.

Halafu hii ya "kubwa ndio mali", hapa ndipo watu wengi wanaponaswa. Karati ni uzito, karati moja ni gramu 0.2 tu. Bei inatoka kwa vitu vinne pamoja, uzito, rangi (daraja zinaanza D, isiyo na rangi kabisa, mpaka Z yenye umanjano), usafi wa ndani, na mkato. Mkato ndio watu wanausahau na ndio unaofanya jiwe liwake, likikatwa kina kirefu au kifupi mno mwanga unatokea chini na jiwe linapooza hata kama ni zito. Na bei haipandi sawasawa, almasi moja ya karati moja ni ghali kuliko mbili za nusu nusu za hali hiyohiyo, kwa sababu kubwa ni adimu zaidi. Sasa karati tano safi kwa laki na nusu inatoka wapi? Hata almasi za maabara, ambazo ni kaboni kweli kama za ardhini na bei zake zimeshuka sana, lazima muuzaji akwambie ni za maabara.

Na Mwadui anavyoitaja inawavuta watu kwa sababu ni kweli ipo, Shinyanga, Williamson, mjiolojia wa Kanada, aliigundua 1940, na jiwe la rangi ya waridi la karati 54 na nusu lililotoka pale 1947 alipewa Malkia Elizabeth kabla hajawa malkia, zawadi ya harusi. Historia hiyo haifanyi jiwe la mfukoni kwake kuwa almasi. Na kama anakuonyesha mawe ghafi, almasi ghafi ikivuka mpaka lazima iwe na cheti cha Kimberley, kinachoonyesha si almasi ya kugharamia vita, utaratibu huo upo tangu 2003. Bila hicho, hata ikiwa ya kweli unajitia kwenye kesi.

Ukitaka kununua, mkutane dukani kwa sonara unayemjua wewe, jiwe lipimwe mbele yako kabla shilingi haijatoka. Akikataa, achana nae.

Walioshatuma pesa msione haya, hifadhini zile meseji za mpesa na screenshot za namba zake zote, nendeni kituo cha polisi mpate OB (namba ya ripoti yenu). Watatu washakubali kwenda pamoja, anayetaka kuungana nao aniandikie inbox.