Nilivyotolewa bandama kwa matundu manne

Kwa miaka miwili nilikuwa naamka na damu kwenye mto. Fizi zinavuja usiku, na miguuni vidoa vyekundu vidogo kana kwamba nimechomwachomwa sindano. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa mtu mwenye afya huwa kati ya 150,000 na 450,000 kwa mikrolita moja ya damu. Zangu zilifika 9,000. Kinga ya mwili ilikuwa inazitia alama kama adui, na bandama, wengine huiita wengu, inazikamata na kuziharibu. Predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ilizipandisha, lakini dozi ikipunguzwa tu zinaporomoka tena.

Upasuaji wenyewe nausifu bila kusita. Nililazwa kwa ubavu wa kulia, tumbo likajazwa gesi, kamera ikaingizwa. Bandama ilipokatwa ilitiwa kwenye kifuko humo humo tumboni, ikapondwa na kutolewa vipande vipande. Chembe sahani za kuongezewa zilisubiri hadi mshipa unaopeleka damu kwenye bandama ufungwe, maana zikitangulia, bandama inazila. Daktari alitafuta pia vibandama vya ziada. Kimoja kikisahaulika, ugonjwa unaweza kurudi. Kesho yake nilitembea. Bega la kushoto ndilo lililonitesa, kuliko hata tumbo, na hakuna aliyenitahadharisha kwamba gesi hufanya hivyo. Siku ya tatu majibu yakaja: 187,000. Nilimwomba muuguzi anisomee mara mbili.

Lawama yangu ni karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa. Ilieleza vidonda na chakula, homa haikutajwa kabisa! Ni kweli nilichanjwa wiki tatu kabla, dhidi ya nimokokasi (bakteria wa nimonia), homa ya uti wa mgongo na Hib (bakteria mwingine hatari), lakini chanjo hazizuii kila kitu. Kwa asiye na bandama homa ni dharura, bakteria wanaweza kumuua kwa muda wa saa chache. Haya niliyajua kliniki, baada ya kuuliza mwenyewe. Miezi mitano baadaye joto lilipanda usiku hadi 38.6, nikameza antibayotiki ya akiba, nikaenda hospitali usiku ule ule. Walinilaza siku nne.

Si kila mtu hupona moja kwa moja. Takribani theluthi moja chembe zao hushuka tena. Zangu mwaka wa tatu huu ziko juu. Kadi inayosema sina bandama inakaa kwenye pochi, na nakala yake anayo mke wangu.