Mtungi wa udongo kutoka Majengo: miezi minane kwenye kibanda changu cha cherehani

Nilinunua mtungi huu Februari kwa mama mmoja anayepanga vyungu chini, pembeni ya soko la Majengo hapa Dodoma. Alianza na shilingi 22,000, tukaelewana 18,000. Unaingia ndoo ya lita 10, una kifuniko na bomba dogo la plastiki.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa kitini tangu saa mbili asubuhi hadi magharibi. Choo kiko nyuma kabisa ya maduka, kwa hiyo nilikuwa nabana mkojo, na maji nilikuwa siyanywi ili nisisumbuke kwenda. Mwaka jana UTI, yaani maambukizi ya bakteria kwenye njia ya mkojo, ilinishika mara tatu. Mara ya tatu muuguzi wa zahanati akaniuliza, "Dada, mkojo wako una rangi gani?" Nikamwambia, kama chai ya rangi.

Alinieleza vizuri, namshukuru hadi leo. Figo zetu mbili huchuja kama lita 180 kwa siku, karibu zote hurudi mwilini, na mkojo unaobaki ni lita 1 hadi 2. Maji yakipungua mwilini, figo huyashikilia yaliyopo, ndiyo maana mkojo unakuwa kidogo na mzito. Hushuka kwa mirija miwili hadi kibofuni. Kutoka hapo hadi nje, kwa mwanamke ni kama sentimita 4 tu, kwa hiyo bakteria hawana safari ndefu ya kupanda. Mkojo ukitoka mara kwa mara unawasukuma nje. Nilivyokuwa nabana, nilikuwa nawapa muda wa kuzaliana.

Shida ilikuwa maji yenyewe. Ya chupa saa saba mchana yana joto, hayanyweki. Mtungi unatoa jasho kupitia udongo, jasho hilo likikauka linaondoka na joto, na hewa yetu ni kavu, basi maji yanapoa kwelikweli. Dada yangu wa Dar es Salaam ana mtungi kama huu, wake haupoi hivi kwa sababu pwani kuna unyevu. Ukavu huohuo ndio unaotudanganya Julai, upepo unapovuma: jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani mwili haujapoteza kitu.

Kasoro zipo. Bomba lilivuja wiki ya kwanza, nikalikaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Maji yetu yana chumvi, kwa hiyo mtungi unaota unga mweupe kwa nje. Nausugua kwa brashi na maji matupu, maana udongo hunywa sabuni. Tena hausafishi maji: nachemsha jioni, nayalaza, asubuhi namimina.

Sasa namaliza kama lita 2 kwa siku, mkojo ni njano hafifu, na haja ikija naacha hata pindo katikati, naenda. UTI haijarudi. Zile chupa za "kusafisha figo" zinazopitishwa stendi sikuzihitaji. Lakini ukiwa na homa, maumivu ya mgongo au damu kwenye mkojo, nenda zahanati siku hiyohiyo. Na kama daktari amekupimia maji kwa sababu ya figo au moyo, fuata kipimo chake.

Ukienda kununua, chagua usiopakwa rangi ya mafuta. Rangi inaziba udongo, mtungi hautoi jasho, na maji hayapoi.